Mmea haufufuki siku ya mvua

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na kama bado hujaipata subiri tu itakufikia maana kila baada ya miezi michache inarudi ikiwa na maneno mapya juu yake: kitu kikavu kama bonge la vijiti kimewekwa kwenye sahani, mtu anamimina maji, video inaendeshwa mbio, na lile bonge linajifungua taratibu mpaka linajaa sahani nzima. Chini yake watu wanagawanyika makundi mawili. Wa kwanza wanaandika Subhanallah na Mungu ni mwema, hao sina ugomvi nao. Wa pili ndo wamenifanya nikae niandike hii, wale wanaosema wanasayansi wameshaijua siri, jeni imeshapatikana, miaka michache ijayo mahindi yatakauka shambani na mvua ikirudi yatainuka yaendelee kama hakuna kilichotokea. Mimi nasema hapo kuna kitu kimeeleweka kinyumenyume. Mimea inayofufuka ipo kweli na ni ya ajabu kuliko hiyo video, lakini kufufuka kwake sio kazi ya maji, kazi karibu yote inafanyika mapema, wakati mmea unakauka, na maji yanapokuja yanakuta maandalizi yamekamilika. Ukishaliona hilo unaona kwanini hadithi ya mahindi yanayofufuka imekaa vibaya, na unaona pia kwanini wale wanaoicheka moja kwa moja nao hawako sawa.

Kwanza tuitoe hiyo video njiani. Mara nyingi mmea unaoonekana ni Anastatica hierochuntica, unaoitwa waridi la Yeriko, mmea wa jangwani wa huko Uarabuni na Afrika Kaskazini, na wenzetu walioko Oman na Ghuba wanaujua vizuri kwa jina la kaf Maryam, kina mama wanauloweka wakati wa uzazi tangu enzi za mabibi. Sasa ule mmea ukishakauka umekufa. Haurudi, hauna jani litakalokuwa kijani tena, unachokiona ni vijiti vilivyokufa vinavyonywa maji na kunyooka kwa sababu ya jinsi nyuzi zake zilivyopangwa, kama koni ya msonobari inavyofunga ikilowa na kufunguka ikikauka ila huu ni kinyume chake. Faida yake ni kumwaga mbegu siku ya mvua, basi. Kinachochanganya watu zaidi ni kwamba madukani kuna mmea mwingine unauzwa kwa jina lilelile la waridi la Yeriko, Selaginella lepidophylla wa jangwa la Chihuahua kule Mexico, na huo sasa uko hai kweli, unakauka mpaka unakunjamana kama ngumi na ukipata maji unarudi kijani na kuendelea kujitengenezea chakula. Vitu viwili tofauti kabisa, jina moja, video moja, ndo maana hoja ya "si umeona kwa macho yako" ni dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu. Macho yameona mbao inavimba.

Tuje kwenye mimea yenyewe. Mmea wa kawaida, iwe mahindi, maharage au mchicha, ukipoteza kama nusu ya maji yake hivi unafika mahali pa kutorudi, hata uumwagilie pipa zima. Mimea inayofufuka inashuka mpaka kubaki na kama asilimia 5 ya maji yake, jani linavunjika mkononi kama karatasi ya zamani, inakaa hivyo miezi, halafu inarudi. Kwenye mimea yote ya maua duniani inayohesabiwa kwa mamia ya maelfu ya aina, yenye uwezo huu ni mia kadhaa tu, na sehemu kubwa ya inayojulikana iko Afrika, hasa juu ya miamba yenye udongo wa sentimita chache. Mwaka 1971 Donald Gaff, mtafiti wa Australia, alitoa ripoti kwenye jarida la Science kuhusu mimea ya maua ya kusini mwa Afrika yenye tabia hii, na toka miaka ya 1990 anayejulikana zaidi ni Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ambaye 2012 alipata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi. Ila wenyeji walishaijua siku nyingi bila jarida. Washona wanakiita kichaka cha Myrothamnus flabellifolia mufandichimuka, na wewe msomaji wa Kiswahili huhitaji kamusi kusikia kufa ndani yake, ni kile kinachokufa kikaamka, wakati Wazulu wanasema uvukwabafile, kinachoamka kutoka kwa wafu. Makaburu wao Xerophyta, mmea mwingine unaofufuka, wanaiita mkia wa nyani, na ukiuona utaelewa.

Sisi tunayo pia, na hili ndo huwa linanishangaza, kwamba watu wanashea video ya Mexico wakati kitu chenyewe kiko juu ya mawe nyuma ya nyumba zao. Xerophyta zipo Tanzania na Kenya kwenye vilima vya miamba, na vijimea vya Craterostigma vyenye maua madogo vinaota kwenye vidimbwi vya udongo mwembamba juu ya mawe. Majani ya Xerophyta scabrida kutoka maeneo ya Uluguru, Morogoro, yalichunguzwa na kina Zoltán Tuba, watafiti wa Hungaria na wenzao wa Ujerumani, wakachapisha matokeo kuanzia 1993, na hadi leo kazi ile inatajwa kila mahali mada hii inapoguswa. Mimi mwenyewe niliwahi kupita kwenye kilima cha hivyo mwezi wa kumi, nikaona vishina vyeusi kama mafagio yaliyoungua, nikadhani moto umepita. Nilirudi baada ya mvua na sikuamini ni palepale.

Sasa twende ndani ya jani, hapa ndo penye utamu. Tatizo la kukauka sio kiu kama tunavyofikiri. Maji ndani ya seli ndo yanayoipa umbo, ndo yanayozitenganisha protini zisigandane, ndo yanayozifanya tando za seli zikae zilivyo. Ukiyatoa, seli inanywea, utando unajivuta kutoka kwenye ukuta na kuchanika, protini zinashikana kama ute wa yai kwenye sufuria. Kwahiyo mmea unaotaka kuishi lazima uweke kitu kingine mahali pa maji kabla hayajaisha, na ndivyo unavyofanya. Udongo ukianza kukauka mizizi na majani yanapeana taarifa kwa homoni, na mmea unaanza kubadili akiba yake kuwa sukari nyingine. Craterostigma plantagineum, ambayo Profesa Dorothea Bartels wa Ujerumani na wenzake wameichunguza toka mwisho wa miaka ya 1980, ikiwa mbichi ina sukari isiyo ya kawaida inaitwa oktulosi, ikianza kukauka ile oktulosi inapungua na sukrosi inapanda kwa wingi, hii hii sukari ya kwenye chai. Sukrosi ikizidi kukolea bila kufanya chembechembe inageuka kitu kama kioo. Kama umewahi kuona gubiti zinapikwa unajua hali hiyo, sukari ilikuwa uji muda si mrefu sasa imekuwa ngumu, angavu, na chochote kilichonasa ndani hakisogei. Ndani ya jani kilichonasa ni mashine zote za uhai, hazifanyi kazi ila pia haziharibiki. Pamoja na sukari kuna protini zinaitwa LEA ambazo ziligunduliwa kwanza kwenye mbegu za pamba, zinajipenyeza katikati ya protini nyingine na kuzizuia zisigandane. Kuta za seli nazo, kwenye Craterostigma zinalegea zikunjike kama akodiani badala ya kukaza zikavunjika, wakati Xerophyta inajaza vifuko vya maji vya ndani ya seli kwa vitu visivyo maji ili seli isinywee kabisa.

Halafu kuna jua, na hili wengi hawalifikirii. Jani la kijani lisilo na maji ni hatari kwa lenyewe, klorofili, ile rangi ya kijani ya jani, inaendelea kudaka mwanga lakini kiwanda kimesimama, nguvu hiyo inakosa pa kwenda na inazalisha kemikali zinazochoma seli kutoka ndani. Mimea imepata majibu mawili. Craterostigma na Myrothamnus wanafanya kama mwenye duka anayeshusha shata, mali inabaki ndani, klorofili inabaki kiasi kikubwa ila jani linajikunja na kujipaka rangi ya zambarau kuzuia mwanga. Xerophyta ni machinga, jioni anafungasha kila kitu, klorofili inavunjwa yote, na vile vitando vya ndani vinavyoibeba vinavunjwa pia, jani linabaki halina kijani kabisa. Kila njia ina gharama yake asubuhi. Mwenye shata akifungua ameshaanza biashara, Craterostigma inaweza kurudi ndani ya siku moja hivi, machinga anatakiwa apange meza upya, na yale majani ya Uluguru yalichukua kama saa 72 kurudi kijani kamili, klorofili yenyewe ikianza kutengenezwa baada ya kama saa 12. Kwa upande mwingine machinga hana cha kuibiwa usiku, ndo maana njia yake inafaa zaidi kwa ukavu mrefu kwenye jua kali.

Sasa sikiliza hii maana ndo msingi wa hoja yangu. Kina Farrant waliichukua Xerophyta humilis ikiwa imekauka, wakairudishia maji huku wamezuia kwa dawa uwezo wake wa kusoma jeni na kuandika maagizo mapya. Mmea ukaweza kurudisha sehemu kubwa ya mitambo yake ya mwanga hata hivyo. Walipozuia kutengeneza protini ndo ukashindwa. Maana yake maagizo ya kuamka yalishaandikwa na kuhifadhiwa kabla ya kulala, asubuhi ni kuyatekeleza tu. Na kuna ushahidi mwingine wa upande wa pili, ukichukua mimea hii ukaikausha haraka mno, kwa masaa badala ya siku, mingi haifufuki, hata uiwekee maji mazuri namna gani. Maji ni yaleyale na mmea ni uleule, tofauti ni kwamba haukupewa muda wa kujiandaa.

Basi tuwape haki yao wanaoamini mahindi yatafufuka, kwa sababu hoja yao nzuri sio ya video, ni ya mbegu. Mbegu ya mahindi ni mmea mchanga uliokauka na uko hai. Unaihifadhi ikiwa na unyevu wa asilimia 13 hivi, wakulima wana kipimo chao cha chupa na chumvi, unatikisa na chumvi ikiganda kwenye chupa unajua bado mbichi, na mwaka ujao unaipanda inaota. Sukari, protini za LEA, ile hali ya kioo, vyote vimo. Kwahiyo Farrant na wengine wanasema, na wako sahihi, kwamba mmea unaofufuka haukuvumbua kitu kipya, umechukua maarifa ya mbegu na kuyatumia kwenye jani, na kama jeni hizo mahindi tayari anazo basi swali ni kuziwasha mahali pengine. Hii sio ndoto ya kichaa. Mwaka 2015 ilisomwa jenomu, yaani jeni zote kwa pamoja, ya Oropetium thomaeum, nyasi ndogo inayofufuka, 2017 ikafuata ya Xerophyta viscosa, na ramani zote zinaelekeza kwenye njia za mbegu.

Ila neno "kuziwasha" limebeba mzigo mkubwa kuliko linavyoonekana. Kuna nyasi ya kusini mwa Afrika inaitwa Eragrostis nindensis, inafufuka, na ni ndugu wa karibu wa tefu, ile ya Waethiopia ya injera, ambayo haifufuki. Watafiti wakawalinganisha ndugu hawa wakati wa ukavu, matokeo yakachapishwa 2020, na kilichoonekana ni kwamba jeni nyingi za njia ya mbegu zinawaka kwa wote wawili. Tefu nayo inawasha taa nyingi zilezile, na bado inakufa. Kwahiyo sio swichi moja iliyosahaulika, ni suala la kiasi, mpangilio, na muda, nani anaanza kwanza na anafika wapi kabla maji hayajaisha. Na hata huyo nindensis hafufuki mzima, majani ya nje yaliyozeeka yanakufa na ya ndani machanga ndo yanarudi. Sasa chukua mmea wa mahindi wenye urefu wa kukuzidi wewe, majani mapana, uwaze kuujaza sukari ya kutosha jani lote ndani ya siku chache za jua la Dodoma. Sukari hiyo itoke wapi kama sio kwenye punje? Mimea inayofufuka karibu yote ni midogo na inakua polepole, na sidhani ni bahati mbaya.

Alafu kuna kalenda, na hapa wanaoshangilia huwa hawajibu. Mahindi yanaumia zaidi na ukame yakiwa yanachanua, mbelewele zimetoka na ndevu zinachelewa, siku chache tu za kukosa maji pale na gunzi linatoka na mapengo. Tuseme mmea umelala wiki tatu kisha ukaamka mzima kabisa. Umeamka na nini? Uchavushaji umepita, msimu umesogea, mvua zilizobaki hazitoshi. Kuishi kwa mmea na kuvuna kwa mkulima ni vitu viwili, na Xerophyta haijawahi kutakiwa na mtu yeyote itoe gunia. Ule ukame wa Pembe ya Afrika ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano mfululizo ya mvua ikashindwa Kenya, Ethiopia na Somalia, mmea unaofufuka ungeweza pengine kulala na kuamka mara kadhaa katikati yake. Familia isingeweza.

Ndo maana wanaopinga wana hoja yenye uzito wanaposema tusikimbilie maajabu wakati mtama, uwele na muhogo vipo. Mtama haufufuki, unafanya kitu cha kawaida zaidi na chenye faida zaidi shambani, mizizi inakwenda chini, majani yana nta, ukikosa maji unasimama kukua unasubiri na mvua ikirudi unaendelea na bado unatoa suke. Huo ni ustahimilivu wa ukame, kuchelewesha kukauka. Kufufuka ni kukubali kukauka. Watu wanavichanganya kila siku na ni njia mbili zinazoenda pande tofauti, anayezuia maji yasitoke anatumia nguvu kwenye ulinzi, anayekubali yatoke anatumia nguvu kwenye kufungasha.

Upande huohuo kuna hoja nyingine ambayo siipi hata nusu maksi, kwamba mada hii yote ni mlango wa nyuma wa GMO, mazao yaliyobadilishwa jeni, kwahiyo ifungwe. Najua kwanini watu wana wasiwasi, Kenya baraza la mawaziri liliondoa Oktoba 2022 marufuku iliyokuwepo tangu 2012 na kesi zikafuata, Tanzania ilisitisha majaribio ya shambani 2018, ni mjadala halali na mimi mwenyewe nina maswali yangu kuhusu nani anamiliki mbegu. Lakini kujua jinsi jani la Uluguru linavyokauka bila kufa hakukulazimishi kuhamisha jeni yoyote. Ukifunga utafiti hutakuwa umezuia GMO, utakuwa umeacha wengine wasome mmea wa kwako, halafu uje usome matokeo kwa Kiingereza.

Mimi nadhani faida yake kwetu, kama itakuja, itaingilia dirisha dogo ambalo halina video. Kila mkulima wa mvua anajua vuli inavyodanganya, inanyesha siku mbili tatu, watu waliopanda kwenye vumbi wanafurahi, mbegu zinapasuka, halafu kimya wiki mbili. Mbegu ilipokuwa kavu ilikuwa salama, mche ukiwa na mizizi una matumaini, lakini ile siku mzizi mdogo unapochomoza ule uwezo wa kuhimili ukavu unapotea, ndo maana unafukua na kukuta mbegu imeota kidogo na imekufa, unaanza kutafuta hela ya mbegu mara ya pili. Maabara wameonyesha kwa mimea kama Medicago truncatula, ya jamii ya kunde, kwamba mbegu iliyokwisha kutoa kimzizi cha milimita chache inaweza kurudishiwa uwezo ule ikinyimwa maji taratibu, ila mzizi ukirefuka dirisha limefungwa. Kurefusha dirisha hilo kwa wiki moja tu, iwe kwa kuchagua mbegu au kuziandaa kabla ya kupanda, kunamsaidia mkulima wa Singida au Kitui kuliko hindi refu linalofufuka mwezi wa tatu. Na pembeni kuna malisho, maana nyasi zinazofufuka hazisubiri kuota upya, zinarudi kijani ndani ya siku chache na mfugaji anajua thamani ya wiki ile ya kwanza ng'ombe wakiwa mifupa. Ni fupi, hazishibishi kundi, lakini hapo angalau mmea unatakiwa ufanye kilekile unachokiweza, kuwa na jani.

Kama uko karibu na kilima cha mawe, na bado hakijapasuliwa kuwa kokoto, mvua ya kwanza ikinyesha usiende kesho yake. Utakuta vishina vyeusi vilevile na majani ya rangi ya makuti, utasema nimekudanganya. Nenda siku ya tatu. Angalia jani moja kwa karibu, utaona chini kijani, na kuelekea ncha linabaki kahawia na ukilishika linavunjika. Ile ncha ilikufa kweli.